Habari za Afya Magazetini: Namna ya Kuzisoma na Kuzipima

Gazeti moja kijijini halisomwi na mtu mmoja. Hununuliwa na mwalimu au mwenye duka, kisha hupita mikono mingi. Fundi cherehani hulisoma akiwa kazini, wazee husomewa barazani, na jioni mama fulani huletewa ukurasa uliokatwa kwa sababu una habari za watoto. Ukurasa huo ukisema kwamba chanjo fulani ni hatari, mama yule hana daktari wa karibu wa kumwuliza. Ana mtoto wa miezi tisa mgongoni, ana kadi ya kliniki mkononi, na kesho ndiyo siku ya mtoto kuchanjwa surua. Je, atakwenda au atabaki nyumbani?

Swali hilo si dogo. Habari ya mpira ikikosewa, mshabiki hukasirika na kesho yake husahau. Habari ya bei ya kahawa ikikosewa, mkulima hupata hasara ya msimu mmoja. Bali habari ya dawa au ugonjwa ikikosewa, huenda mtu akaacha dawa iliyokuwa ikimponya, au akanunua isiyofaa kitu kwa fedha za karo ya watoto. Kwa hiyo yafaa kila msomaji, awe wa mjini au wa shamba, ajue namna habari hizi zinavyotengenezwa, mahali zinapopotoka, na maswali ya kujiuliza kabla hajazifuata.

1. NJIA YA HABARI KUTOKA MAABARA HADI GAZETINI

Habari nyingi za uganga wa kisasa hazianzi katika ofisi ya gazeti. Huanzia kwa wachunguzi katika chuo kikuu au hospitali. Wakimaliza kazi yao huiandika na kuipeleka katika jarida la wataalamu, ambako wataalamu wengine huisoma na kuikosoa kabla haijachapishwa. Baadaye chuo huandika taarifa fupi, kwa maneno mepesi, ili magazeti yavutiwe. Mwandishi wa habari huipokea, naye mara nyingi hana zaidi ya saa chache za kuandika. Kisha ripoti yake huenda kwa mhariri, ambaye huikata ipate kuenea katika nafasi iliyobaki. Mwisho hutiwa kichwa cha habari, na aghalabu aandikaye kichwa siye aliyeandika habari yenyewe.

Basi maneno ya mchunguzi hupita katika mikono minne au mitano kabla ya kumfikia msomaji, mfano wa maji yanayochotwa mtoni na kumiminwa kutoka mtungi hadi mtungi. Kila mtungi huweza kuongeza vumbi lake. Mchunguzi alisema, “Huenda dawa hii ikasaidia, lakini tumeijaribu kwa panya tu.” Taarifa ya chuo ikasema, “Tumaini jipya kwa wagonjwa.” Kichwa cha habari kikasema, “Dawa yapatikana!”

Watu wengi hudhani kwamba makosa yote huingia katika ofisi ya gazeti. Mwaka 2014 wachunguzi wa Uingereza walichapisha kazi yao juu ya jambo hili. Walipima taarifa 462 zilizotolewa na vyuo vikuu 20 vya nchi hiyo, wakazilinganisha na maandishi ya wataalamu kwa upande mmoja, na habari za magazeti kwa upande mwingine. Waliona kwamba taarifa 4 katika kila 10 zilikuwa na mashauri kwa watu yaliyozidi yale ya uchunguzi wenyewe. Tena zaidi ya theluthi moja ya zile zilizohusu wanyama zilizungumza juu ya wanadamu kupita kiasi. Pale taarifa ya chuo ilipotia chumvi, gazeti nalo lilielekea kutia chumvi. Pale taarifa ilipokuwa ya kiasi, gazeti kwa kawaida lilikuwa la kiasi. Kwa hiyo lawama haiwaangukii waandishi wa habari peke yao. Wasomi nao wana sehemu yao.

2. “MARADUFU” YA KITU GANI?

Kosa la kwanza ambalo msomaji apaswa kulijua ni kosa la hesabu, na mfano wake bora ulitokea Uingereza katika mwezi wa Oktoba, mwaka 1995. Kamati iliyokuwa ikiangalia usalama wa dawa nchini humo ilitoa onyo kwamba vidonge vya aina mpya vya kuzuia mimba viliongeza maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa. Redio, televisheni na magazeti yalipiga mbiu. Wanawake wengi walisikia habari hiyo hata kabla madaktari wao hawajapokea barua ya kuwaeleza. Kwa kuingiwa na hofu, wengi waliacha vidonge vyao pale pale.

Neno “maradufu” lilikuwa la kweli. Lakini maradufu ya nini? Kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya aina ya zamani, mwanamke 1 hivi alipata ugonjwa huo kwa mwaka. Kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vipya, walioupata walikuwa 2. Huko ndiko kuongezeka kulikotangazwa kwa kishindo. Jambo ambalo halikupewa nafasi ya kutosha ni kwamba mimba yenyewe huleta hatari ya damu kuganda iliyo kubwa kuliko ile ya vidonge. Wanawake walioacha vidonge bila njia nyingine walipata mimba ambazo hawakuzitaka. Ilikadiriwa baadaye kwamba katika mwaka uliofuata mimba zilizotolewa Uingereza na Wales ziliongezeka kwa 13,000 hivi. Onyo lililokusudiwa kuwalinda wanawake liliwatia wengi wao katika taabu kubwa zaidi, si kwa sababu lilikuwa la uongo, bali kwa sababu lilisemwa nusu.

Mkulima ataelewa jambo hili kwa urahisi. Tuseme ana mashina 7,000 ya mahindi, naye aambiwe kwamba mwaka huu viwavi wameharibu maradufu ya mwaka jana. Ataruka kwa hofu. Lakini akienda shambani akakuta kwamba mwaka jana liliharibika shina 1, na mwaka huu 2, atarudi nyumbani akala chakula chake kwa utulivu. Kama yaliharibika 1,000 mwaka jana na 2,000 mwaka huu, hapo ana haki ya kulia. Neno ni lile lile, lakini mambo ni mbalimbali kabisa. Hali kadhalika dawa ikisifiwa kwamba “yapunguza vifo kwa nusu,” lazima kuuliza: vimepungua kutoka wangapi hadi wangapi, na kati ya watu wangapi?

Jambo la namna hiyo lilitokea tena mwaka 2015. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba nyama za kutengenezwa viwandani, kama vile soseji, huleta saratani ya utumbo mpana. Liliziweka katika daraja moja na tumbaku. Magazeti kadha wa kadha yakaandika kana kwamba kula soseji na kuvuta sigara ni hatari sawasawa. La, sivyo. Daraja lile laonyesha jinsi ushahidi ulivyo thabiti. Halionyeshi ukubwa wa hatari. Mtu aweza kuwa na hakika kwamba nyoka ana sumu, na hakika sawa kwamba nyuki ana sumu, bila kusema kwamba nyuki ni hatari kama swila. Katika Uingereza watu kama 6 katika kila 100 hupata saratani hiyo maishani. Kula gramu 50 za nyama hizo kila siku kwaongeza hatari kwa asilimia 18, yaani kutoka watu 6 hadi 7 hivi katika 100. Hilo ni jambo la kufikiriwa, lakini si jambo la kumfanya mtu atupe chakula chake kwa hofu.

3. WATOTO 12 WA LONDON

Kosa la pili ni kujenga nyumba kubwa juu ya msingi mdogo. Katika mwezi wa Februari, mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield pamoja na wenzake 12 walichapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12 waliochunguzwa katika hospitali ya Royal Free, London. Watoto hao walikuwa na maradhi ya tumbo, na wengi wao walikuwa na usonji, yaani hali ya ukuaji inayoathiri namna mtoto anavyozungumza na kushirikiana na wenziwe. Wazazi wa watoto 8 walisema kwamba dalili zilianza baada ya mtoto kupata chanjo ya mchanganyiko ya surua, matumbwitumbwi na rubela.

Maandishi yenyewe yalikiri kwamba hayakuthibitisha uhusiano wowote kati ya chanjo na usonji. Lakini katika mkutano na waandishi wa habari, Wakefield alisema kwamba ingefaa chanjo hizo zitenganishwe. Maneno hayo ya mdomo ndiyo yaliyoenea nchini kote, wala siyo tahadhari zilizochapishwa.

Watoto 12 ni wachache mno kwa jambo kubwa namna hii. Tena hapakuwa na kundi la watoto wasiochanjwa wa kulinganishwa nao. Chanjo ile hutolewa mara ya kwanza mtoto apitapo umri wa mwaka mmoja, na huo ndio wakati ambao dalili za usonji huanza kuonekana kwa watoto wengi, wawe wamechanjwa au hawakuchanjwa. Jambo moja kutokea baada ya jingine si hoja kwamba la kwanza limelileta la pili. Wahenga walikwisha kusema, jogoo awike asiwike, kutakucha.

Njia ya kupata ukweli ilikuwa kuhesabu watoto wengi. Mwaka 2002 wachunguzi wa Denmark walitoa hesabu ya watoto 537,303, yaani watoto wote waliozaliwa nchini humo toka 1991 hadi 1998. Wengi wao walikuwa wamechanjwa, wengine hawakuchanjwa. Walipolinganishwa, waliochanjwa hawakuonekana kupata usonji zaidi ya wenzao. Uchunguzi mwingine katika nchi nyingine ulileta jibu lile lile.

4. MIZANI ISIYO SAWA

Hapa ndipo kosa la tatu lilipoingia, nalo ni gumu kutambua kwa sababu lafanana na haki. Mwandishi mwema hufundishwa kusikiliza pande mbili. Katika habari za siasa au kesi ya mashamba hiyo ni kanuni njema, maana msema pweke hakosi. Lakini magazeti mengi ya Uingereza yaliitumia kanuni hiyo juu ya chanjo kana kwamba ni ugomvi wa majirani wawili. Upande huu aliwekwa daktari mmoja aliyekuwa na mashaka. Upande huu akawekwa daktari mmoja aliyesema chanjo ni salama. Kila mmoja akapewa mistari yake. Msomaji hakuonyeshwa kwamba nyuma ya mmoja palikuwa na watoto 12, na nyuma ya mwingine palikuwa na mamia ya maelfu.

Matokeo yake yalipimwa. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2002 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu walidhani ushahidi wa pande zote mbili ulikuwa na uzito sawa. Waliojua kwamba ushahidi mwingi ulikuwa upande wa chanjo hawakufika hata mtu 1 kati ya 4. Wasomaji hawakuwa wajinga. Walipima kwa mizani waliyopewa, nayo mizani ilikuwa imeinamishwa.

Zaidi ya hayo, habari ilitoka mikononi mwa waandishi wenye ujuzi wa mambo ya uganga ikaingia kwa waandishi wa siasa. Mwishoni mwa mwaka 2001 na katika mwaka 2002 magazeti yalijaza kurasa kwa swali kama mtoto mchanga wa Waziri Mkuu, Tony Blair, amechanjwa au la. Yeye alikataa kusema, akidai kwamba hiyo ni siri ya nyumba yake. Mtu mmoja amemchanja mwanawe au hakumchanja si ushahidi wa kitu chochote, hata awe mkuu namna gani. Lakini habari hiyo ilisomwa kuliko hesabu za Denmark.

5. MALIPO YALIKUJA BAADAYE

Katika Uingereza watoto waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa wapata 92 katika kila 100 katikati ya miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2003 na 2004 walishuka wakawa 80 hivi. Surua huambukiza upesi mno, na ili izuiwe kuenea yatakiwa watu kama 95 katika kila 100 wawe na kinga. Ufa ulikuwa umefunguka ukutani.

Mji wa Swansea, katika Wales, ulilipa sana. Huko gazeti moja la mahali pale lilikuwa limeanza kampeni juu ya madhara ya chanjo hata kabla ya Wakefield, katika mwaka 1997. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika sehemu lilikouzwa gazeti hilo kuchanjwa kwa watoto kulipungua kuliko katika sehemu nyingine za Wales. Miaka ikapita, watoto wakakua, watu wakasahau. Kisha, kuanzia mwezi wa Novemba, mwaka 2012, surua ikazuka Swansea na kandokando yake. Kabla haijakoma katikati ya mwaka 2013, wagonjwa zaidi ya 1,200 walikuwa wameandikwa, 88 walikwenda hospitali, na kijana mmoja alikufa. Wengi wa wagonjwa walikuwa vijana wa umri wa shule, waliokuwa watoto wachanga wakati wa ile hofu. Foleni ndefu za wazazi zilionekana kwenye zahanati, wakitafuta chanjo ile ile waliyoikimbia zamani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yafaa kukumbuka pia kwamba aliyeufichua udhaifu wa kazi ya Wakefield alikuwa mwandishi wa gazeti. Mwaka 2004 Brian Deer wa Sunday Times alionyesha kwamba Wakefield alikuwa amepata fedha kwa njia ya wakili aliyekuwa akitayarisha kesi ya wazazi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, wala jambo hilo halikutajwa katika maandishi yake. Mwaka huo huo wenzake 10 walijitenga na maelezo ya uhusiano kati ya chanjo na usonji. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliyafuta maandishi yote, na Baraza la Madaktari la Uingereza likaliondoa jina la Wakefield katika orodha ya madaktari.

6. USHUHUDA WA MTU MMOJA

Afrika ya Mashariki nayo ina mafunzo yake. Mwaka 1990, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa haujapata dawa ya kutegemewa, ilitangazwa Nairobi kwamba dawa iliyoitwa Kemron, ambayo ni interferoni kidogo sana iliyoyeyushwa mdomoni, imewarudishia wagonjwa nguvu na afya. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliitangaza kwa furaha, na magazeti yalijaa habari zake. Wagonjwa waliitafuta, hata wengine kutoka Marekani.

Ni rahisi kuelewa furaha ile. Watu walikuwa wakizika jamaa zao kila juma. Lakini majaribio ya kwanza yalikuwa ya kikundi kidogo cha wagonjwa, pasipo kikundi cha pili ambacho hakikupewa dawa. Baadaye yalifanywa majaribio makubwa zaidi. Katika lile la Uganda wagonjwa waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likapewa dawa, na fungu la pili likapewa kitu kilichofanana nayo kisicho dawa; wala mgonjwa wala daktari hakujua nani amepewa nini. Mwishowe mafungu yote mawili yalikuwa sawa. Kemron haikuonekana kusaidia. Dawa zilizothibitika, zile za kuchanganywa tatu kwa pamoja, zilianza kujulikana mwaka 1996, nazo ndizo zilizogeuza ugonjwa ule kuwa maradhi ambayo mtu aweza kuishi nayo miaka mingi.

Mwaka 2011 jambo jingine likatokea katika Tanzania. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemwa kwamba kikombe hicho chatibu UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine makubwa. Magazeti yalichapisha picha za misururu ya magari na maneno ya watu waliosema, “Nimepona.” Maelfu kwa maelfu walisafiri, Wakenya wakiwa miongoni mwao. Wagonjwa mahututi walitolewa hospitali wakapelekwa huko, na wengine walikufa njiani au wakingojea zamu. Madaktari waliwasihi watu wasiache dawa zao. Lakini sauti yao ilikuwa ndogo mbele ya zile picha.

Ushuhuda wa mtu mmoja wastahili heshima, maana mtu huyo aeleza alivyojisikia. Lakini hauwezi kuonyesha kama dawa yafaa. Kwanza, maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hutafuta dawa siku zile zilizo mbaya kuliko zote. Basi hata asipofanya kitu huenda kesho akajisikia nafuu. Pili, tumaini hutia nguvu mwilini kwa muda. Tatu, na hili ndilo kubwa, gazeti huwahoji waliobaki hai. Aliyekunywa dawa akafa hatoi ushuhuda. Wapo wasemao, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yaweza kufaa katika mambo ya ndoa na siasa. Katika mambo ya dawa imewapeleka wengi kaburini.

7. GAZETI LIKIFANYA KAZI YAKE VEMA

Msomaji asidhani kwamba dawa ya makosa haya ni kuacha kusoma magazeti. Kuanzia mwaka 1957 kampuni moja ya Ujerumani ya Magharibi iliuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi, kwa jina la Contergan. Ilisifiwa kuwa salama kabisa, na wanawake wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Kisha watoto wakaanza kuzaliwa wakiwa na mikono na miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Mwezi wa Novemba, mwaka 1961, Dk. Widukind Lenz wa Hamburg aliionya kampuni, lakini kampuni ilisitasita. Tarehe 26 ya mwezi huo gazeti la Welt am Sonntag lilichapisha onyo lake, na mara moja dawa ikaondolewa madukani. Watoto wapatao 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wamekwisha kudhurika; kila juma la kuchelewa lingaliongeza idadi yao.

Katika Uingereza wazazi wa watoto hao waliendelea kudai fidia kwa miaka kumi na zaidi. Mwaka 1972 Sunday Times, chini ya mhariri Harold Evans, lilishika shauri lao. Mahakama ililikataza gazeti kuchapisha sehemu ya habari hizo, lakini halikukata tamaa. Mwaka 1973 fidia iliongezwa sana, na mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba katazo lile lilivunja uhuru wa kutoa habari.

Tofauti kati ya habari hizi na zile za hofu ya chanjo haikuwa ujasiri peke yake. Waandishi wa Sunday Times walitafuta hati, wakawauliza wataalamu wengi, wakahakikisha kila neno kabla ya kulichapa. Hata Brian Deer alifanya vivyo hivyo. Gazeti halina budi kuuliza maswali magumu juu ya madaktari, kampuni na Serikali. Lakini halina budi kuyauliza pia juu ya habari yake lenyewe.

8. MASWALI YA MSOMAJI

Msomaji yeyote, hata asiyekwenda shule ya juu, aweza kuipima habari ya afya kwa maswali haya. Yafaa yasomwe kwa sauti pale watu wanaposoma gazeti pamoja, na yafaa vile vile kwa habari zinazokuja kwa simu.

(1) Nani asema? Ni mchunguzi, au ni mwenye kuiuza dawa hiyo?

(2) Wamejaribiwa akina nani? Ni watu, au ni panya? Kama ni watu, ni wangapi?

(3) Je, walilinganishwa na wengine wasiopata dawa hiyo?

(4) Hatari au faida imeongezeka kutoka wangapi hadi wangapi, na kati ya watu wangapi?

(5) Je, ni uchunguzi mmoja tu, au wengine wamefanya kazi hiyo wakapata jibu lile lile?

(6) Pande mbili zikitajwa, kila upande una ushahidi kiasi gani nyuma yake?

(7) Je, kichwa cha habari chakubaliana na maneno yaliyo chini yake? Mara nyingi mstari wa mwisho hutuliza hofu iliyoletwa na mstari wa kwanza.

(8) Nikifuata habari hii, nitaacha nini? Swali hili lapita yote. Kula tunda lililosifiwa hakumdhuru mtu. Kuacha dawa ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya UKIMWI kwaweza kumwua. Mtu asiache dawa wala chanjo kwa sababu ya gazeti kabla hajaonana na mganga wa zahanati au daktari. Kuuliza si ujinga.

Basi na turudi kwa yule mama mwenye mtoto wa miezi tisa. Hajui Kiingereza, wala hajapata kuliona jarida la Lancet. Lakini aweza kumwomba mwalimu ausome ukurasa ule tena polepole, mpaka mwisho, na amwulize: “Walihesabiwa watoto wangapi?” Akiambiwa 12, tena wa nchi ya mbali, na kwamba baadaye walihesabiwa zaidi ya 500,000 na hofu ile ikaonekana haina msingi, atajua la kufanya. Kabla chanjo haijaletwa mwaka 1963, surua ilikadiriwa kuua watu 2,600,000 hivi duniani kila mwaka, walio wengi wakiwa watoto. Asubuhi mama atafunga mwanawe mgongoni, atachukua kadi yake, na ataiandama njia ya kwenda kliniki kabla jua halijawa kali.